Jenerali Asiye na Jeshi

Mzee aliingia dukani kabla sijamaliza kufagia. Mkononi alishika mche wa mahindi ameuviringisha kwenye gazeti, kama mtu aliyetoka kununua samaki. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaulaza mche juu ya kaunta. Ulikuwa na umri wa wiki tano hivi, umedumaa, majani yamepauka na kujikunja kama yenye kiu. Na wiki ile mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

"Nipatie dawa ya huu, mwanangu. Ile ya kiwavi."

Nikageuza majani. Hakuna matundu, hakuna vile vinyesi kama unga wa mbao ambavyo kiwavijeshi huacha kwenye moyo wa mche. Nikatazama chini: shina limekatwa kwa panga, safi kabisa, juu ya usawa wa ardhi.

"Mzee, mizizi umeiacha wapi?"

"Mizizi ya nini? Dawa si inapigwa kwenye majani?"

Nikamwomba aende akachimbe mche mwingine, auchimbe taratibu kwa jembe, aje nao na udongo wake. Akaniangalia kama nimemtuma Zanzibar kwa miguu. Akaondoka hajanunua hata gramu. Jirani yangu, anayeuza dawa zilezile ninazouza mimi, alikuwa amesikia yote. "Dada, kwa mtindo huo utafunga duka."

Huenda. Duka langu liko Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, si mbali na lile soko la mahindi lililofunguliwa mwaka 2004. Nauza mbegu, mbolea, dawa za wadudu, dawa za minyoo ya mbuzi, vyombo vya kunyweshea kuku. Ukutani nimetundika cheti cha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA kwa wanaokijua: shahada ya kwanza ya sayansi ya kilimo, kilimo cha jumla. Chuoni tuliiita jenero. Wenzetu walikuwa na majina yanayoeleweka: huyu bustani, yule wanyama, yule misitu, hawa uchumi kilimo, wale udaktari wa mifugo ambao hata kutembea walitembea kidaktari. Sisi tulikuwa jenero tu, na utani ulikuwa tayari umetungwa kabla hatujafika: "Ninyi ndio majenerali? Jeshi lenu liko wapi?"

Niliingia mwaka 2015, na sikuingia kwa mapenzi. Nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na kwenye mfumo wa maombi nilijaza udaktari wa binadamu juu, kilimo chini kabisa, kama mtu anayeweka akiba ya jembe bovu. Matokeo yalitosha kuniingiza chuo kikuu, hayakutosha kunivalisha koti jeupe. Nilipopeleka habari nyumbani, mjomba aliuliza swali moja: "Kulima nako kunasomewa?"

Simlaumu. Sekondari niliyosoma, ukichelewa namba asubuhi unapimiwa kipande cha kulima. Ukiongea kilugha, kipande. Ukifeli jaribio, kipande, na siku nyingine kipande na viboko kabisa. Miaka sita nzima jembe lilikuwa adhabu, na kwenye gwaride hilohilo tukiambiwa kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Tangu Azimio la Iringa la mwaka 1972, lile la Siasa ni Kilimo, hatujapungukiwa kaulimbiu hata msimu mmoja. Lakini mtoto anaamini kile ambacho mgongo wake umefundishwa. Kwa hiyo mjomba aliposikia dada yake amemsomesha binti hadi kidato cha sita ili akasomee kulima, kwake ilikuwa kama kusikia nimechaguliwa kwenda kusomea adhabu.

Basi la kwenda Morogoro kutoka kwetu linapita Gairo, Dumila, halafu Dakawa. Pale Dakawa abiria wa kando yangu, mama mtu mzima, alininyooshea kidole dirishani: hapa ndipo alipofia Sokoine, yule waziri mkuu. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenye Bunge, barabara hiihii, akielekea upande huuhuu tuliokuwa tukielekea. Miezi michache baadaye, Julai 1984, chuo kikapewa jina lake. Kabla ya hapo kilikuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1970, na kabla ya hapo, tangu 1965, chuo cha kilimo cha kawaida. Mama alinieleza nusu ya hayo, nusu nyingine nikaikuta mbele. Aliposhuka Msamvu alinitakia masomo mema, akauliza nasomea nini. Nikasema sayansi. Nilikuwa bado naona aibu.

Morogoro wenyewe wanaiita mji kasoro bahari, na kwa mtu aliyetoka Kongwa hata hiyo bahari sikuona inahitajika. Milima ya Uluguru imeinama juu ya chuo, asubuhi ina ukungu, maji yanashuka, embe zinaoza chini na hakuna anayeshangaa. Kwetu embe lilioza lini?

Mwaka wa kwanza sina mengi ya kusema. Kemia, hesabu, kompyuta, bumu, ile posho ya mkopo, likichelewa unakula chai na maandazi, mchana unatafuta kimbweta chenye kivuli, usiku unadesa. Wengine walipata sapu, mitihani ya kurudia, wachache wakadisko, wakaondolewa chuoni. Yako kila chuo.

Kilichonibadilisha ni shimo.

Tulipelekwa kwa vitendo vya somo la udongo, tukakuta shimo limechimbwa kunizidi kimo, kuta zake zimenyooka kama za kaburi la mtu mkubwa. Mwalimu akashuka kwanza, akatuita wawiliwawili. Nilikuwa na sketi, nikashuka hivyohivyo. Mle ndani unaona kitu ambacho mkulima anakikanyaga maisha yake yote hajawahi kukiona: ardhi ina matabaka. Juu weusi kiganja kimoja na nusu, wenye mizizi mingi. Chini yake wekundu, umebana, mizizi inapungua. Chini zaidi mawemawe. Mwalimu akanionyesha mahali mzizi wa nyasi ulipofika ukakata kona, ukaanza kwenda ubavuni. "Hapo kuna nini?" Nikabonyeza kwa kisu. Kigumu kama sakafu. Tabaka lililogandamizwa na miaka ya kulimwa kina kilekile. Mzizi ulikuwa umegonga mlango, haukufunguliwa.

Kisha akatufundisha kusoma udongo kwa vidole. Unachukua donge, unalilowesha kidogo kidogo, unakanda kama unga wa chapati mpaka liache kunata, halafu unalisukuma kati ya kidole gumba na cha shahada litoke utepe. Utepe ukikatika upesi, mchanga ni mwingi. Ukirefuka na kung'aa, mfinyanzi. Yeye alikuwa na tabia ya kuweka chembe kati ya meno ya mbele, asikilize kama inasaga. Wasichana tulikunja nyuso. Wiki ya tatu sote tulikuwa tunatafuna udongo. Kulikuwa na kitabu cha rangi pia, cha Munsell, vipande vidogo vya rangi mamia, unalinganisha na donge lako na kuandika namba. Mimi niliyekulia kwenye udongo mwekundu sikujua kwamba wekundu una kurasa.

Likizo nilipanda basi na kitu kimoja kichwani: kukanda udongo wa shamba la mjomba. Bibi alinikuta nimechuchumaa shambani natafuna. Akaondoka kimya. Baadaye niliambiwa alimuuliza mama kama nina mimba.

Baada ya shimo ndipo nikaanza kuielewa jenero. Jumatatu magonjwa ya mimea, Jumanne lishe ya mifugo, Jumatano ugani, Alhamisi uchumi, Ijumaa takwimu. Shamba la ng'ombe wa maziwa la Magadu nilivaa glavu inayofika begani, nikajifunza kumpima ng'ombe mimba kwa njia ambayo sitaieleza hapa, kuna wanaosoma huku wanakula. Kwenye takwimu tulipanga vitalu na marudio, kila kitalu kipate mteremko sawa na mwenzake, na mwaka wa mwisho ngedere walikula marudio ya tatu ya jaribio langu la kunde, yote, wakaacha kibao cha namba kimesimama. Niliandika kwenye ripoti: data zilikosekana. Msimamizi wangu akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: sema ukweli, andika ngedere.

Wenye fani zao walikuwa wanazama, sisi tunaelea juu ya kila kisima. Hilo lilinisumbua mpaka katikati ya mwaka 2016, habari za sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, zilipotoka kwetu.

Watu walikuwa wanakufa Dodoma na Manyara. Wagonjwa walikuwa na macho ya manjano, tumbo limejaa, ini limekwisha. Mwanzoni watu walisema mengi, uchawi ukiwemo, kisha vipimo vikaonyesha mahindi. Mimi nikiwa najiandaa na mitihani, kichwa kiko nyumbani, nikaanza kulifuata hindi moja kutoka shambani hadi sufuriani, na kila hatua nikakutana na somo tofauti. Ukungu wenyewe unatoka kwenye udongo. Mmea ukipigwa na ukame wakati punje zinajaa, unadhoofika, ukungu unapata nafasi: hilo ni la agronomia. Mdudu akitoboa punje, anaufungulia mlango: wadudu. Mahindi yakianikwa chini kwenye vumbi, yakatiwa guniani hayajakauka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi: hilo ni la uhifadhi. Kwa nini yatiwe mabichi? Kwa sababu mnunuzi yuko barabarani na ada ya shule inadaiwa: uchumi. Yale yaliyooza akapewa kuku, yaliyooza nusu akala mtu, kwa sababu njaa ya mwaka uliopita haijasahaulika, na hakuna aliyemwambia mama kwamba sumu ile haifi kwa kuchemsha: ugani. Hindi moja, idara sita. Ungemtuma bingwa wa wadudu angeona wadudu. Ungemtuma bingwa wa masoko angeona bei.

Nilirudi nyumbani na kipimo cha chumvi, ambao hauhitaji umeme wala maabara. Chupa kavu yenye mfuniko, chumvi kavu kijiko, punje kiasi. Tikisa, acha dakika chache, tikisa tena. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado mabichi. Mama bado anatumia chupa ile ya juisi. Kwenye maisha yangu yote ya usomi, hiyo ndiyo kazi pekee ambayo bibi aliisifia bila kuombwa.

Ningependa kuishia hapo, lakini kuna la msimu uliofuata kuhitimu kwangu.

Nilimaliza 2018, ajira hakuna. Kampuni moja iliniita kwenye usaili. Kijana wa makamo yangu akaniuliza, "Sasa wewe umebobea kwenye nini?" Nikaanza kumweleza habari ya hindi na idara sita. Akatazama saa. Nikarudi nyumbani, na kwa kuwa nilikuwa na digrii na muda, nikaanza kumshauri mjomba.

Mjomba na bibi walikuwa wakipanda mtama na uwele. Nikapiga hesabu kwenye daftari. Mtama unaliwa na kweleakwelea, watoto wanakosa shule kwa kuamia ndege, bei ni ya chini. Mahindi yana soko la uhakika hapo Kibaigwa, malori yanapanga foleni. Mbegu chotara ipo, nilishaiona inafanya maajabu. Nilishaiona wapi? Morogoro. Mjomba, ambaye sasa alikuwa anajivuna kwa watu kwamba ana bwana shamba wake wa kike nyumbani, akakubali ekari mbili zote. Bibi hakubishana. Alichukua kipande chake cha pembeni akapanda uwele.

Mvua ilianza Desemba, nzuri, mahindi yakaota kama yamechorwa. Katikati ya Januari ikakata. Tukasema itarudi. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mahindi yalikuwa yanachanua. Hindi likikosa maji wakati wa kuchanua hakuna unachoweza kulifanyia. Linasimama kijani, refu, zuri, halina kitu ndani. Mvua iliporudi ilikuta mabua. Ekari mbili tulipata madebe matatu.

Jioni moja tunakula ugali wa uwele, uwele wa bibi, akaniuliza taratibu.

"Mjukuu wangu, huko Morogoro mvua inanyesha mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara mbili, bibi. Vuli na masika."

"Na hapa?"

Sikumjibu. Alijua kwamba najua. Nilikuwa nimefundishwa hilo darasani, nimeliandika kwenye mtihani na kupata alama nzuri: Kongwa msimu mmoja, milimita 500 hadi 600, tena zenye kukatika katikati. Nililijua kama jibu. Sikulijua kama mvua.

Aibu yangu ilizidi kwa sababu natoka Kongwa, na Kongwa ndipo mahali pa mwisho duniani ambapo mtu alipaswa kurudia kosa lile. Hapa ndipo Waingereza walipoleta Mpango wa Karanga mwaka 1947. Vita ilikuwa imewaacha hawana mafuta ya kula. Wakatuma watu watatu kukagua, wiki tisa, maeneo mengine wakiyatazama kutoka kwenye ndege. Kiongozi wao alikuwa amewahi kuwa mkuu wa kilimo Tanganyika, kwa hiyo si kwamba hapakuwa na msomi. Lengo lilikuwa ekari milioni 3 na ushee. Wakaleta matrekta, mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mibuyu na vichaka vikayashinda. Udongo, ule mwekundu niliokuwa nautafuna, ukala vyuma vya majembe, na kiangazi ukagandamana hata karanga zisichimbike. Mvua nayo ikafanya ilivyozoea. Januari 1951 wakafunga, pauni milioni 36 hivi zimekwenda. Chuoni tulisoma habari hii na kucheka. Nilicheka zaidi ya wenzangu, kama mwenyeji. Mimi yangu ilikuwa ekari mbili tu, na sikuhitaji ndege.

Tangu hapo nina daftari la mvua. Kopo, rula, na daftari, dukani nyuma. Wateja wanadhani ni la madeni. Na siuzi kitu kabla sijauliza: ulipanda lini, mbegu ya wapi, mwaka jana palikuwa na nini, mbuzi wanapita hapo, jirani yako lake likoje. Mbuzi wake akiwa na homa nisiyoielewa namtuma kwa daktari wa mifugo, maana jenerali naye ana mpaka wake, na wangu naujua vizuri. Jirani yangu wa duka la pili anamhudumia mteja kwa dakika mbili. Mimi nachukua robo saa, na kati ya watatu mmoja anaondoka mikono mitupu.

Yule mzee alirudi kesho yake saa nne. Safari hii amebeba mche kwenye ndoo, na udongo wake, kama nilivyomwomba. Nikamwaga maji taratibu, nikaosha mizizi kwenye karai nje ya duka, akiwa amesimama juu yangu na fimbo yake. Udongo ulipotoka, vikabaki: vichipukizi vyeupe, laini, kama vya choroko zilizoota gizani, vimejibana kwenye mizizi ya mahindi.

"Hivi ni vitoto vya nini?"

"Kiduha, mzee."

Kiduha anakijua, kila mtu huku anakijua, lakini anakijua kikishatoka juu na maua yake mekundu. Hakuwahi kukiona kingali chini kinanyonya. Nikamweleza kwamba kinapochomoza, hasara imeshafanyika. Kwamba kimmea kimoja kinamwaga mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi la ugoro, na zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri harufu ya mzizi wa mahindi au mtama.

"Sawa. Dawa yake?"

"Ya chupa sina, mzee. Utaking'oa kabla hakijachanua. Utatia samadi, kwa sababu kinapenda ardhi iliyochoka. Ukitaka mtama, kuna mbegu mbili zinazokivumilia, Hakika na Wahi. Lakini msimu ujao pale pasipandwe mahindi wala mtama. Panda kitu ambacho mizizi yake inakiamsha halafu haikilishi. Kinaota, kinakosa cha kushika, kinakufa."

"Kitu gani hicho?"

"Kunde. Alizeti." Nikasita. "Au karanga."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, kwanza kimya, mabega tu, halafu kwa sauti, mpaka akakaa juu ya mfuko wa mbolea.

"Karanga? Kongwa hii?"

"Kongwa hii, mzee."

Akapangusa macho kwa kiganja. "Haya niambie, mwanangu. Ekari ngapi?"

"Robo. Palepale penye kiduha tu."

"Robo," akarudia, akitikisa kichwa. "Basi hapo tunaweza kuongea."

Mbegu ya karanga sikuwa nayo. Nikamwelekeza kwa mama mmoja sokoni, upande wa wauza nafaka, nikamwambia achague zisizo na makunyanzi. Akachukua ndoo yake, akaondoka. Jirani yangu alikuwa mlangoni kwake, mikono kifuani, amefuata yote kuanzia karai hadi karanga.

"Na leo tena," akasema, "umeuza maji."

Maji yenyewe nilimpa bure.